Sikio la Khaemba na Dawa za Majirani

Kila asubuhi Celestine alifua foronya moja. Aliiloweka ndani ya beseni, akaisugua kwa sabuni ya kipande, akaisugua tena. Doa halikutoka. Lilikuwa na rangi mbili: nyeusi ya oili na nyekundu ya damu.

"Baba Travis," aliita, "njoo uone mto wako ulivyoamka leo."

Mumewe, Khaemba, alitoka nje na kikombe cha chai. Khaemba alikuwa mtu mwenye ualbino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe na nywele zake zilikuwa na rangi ya nyuzi za mahindi. Alifinya macho kwa sababu ya mwanga, ingawa jua la Elburgon lilikuwa bado limejificha nyuma ya ukungu wa msitu.

"Hiyo ni dawa inafanya kazi," alisema. "Inavuta uchafu."

"Inavuta? Inauleta! Hiyo oili imetoka ndani ya lori."

Khaemba alifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Kazi yake ilikuwa kupanga mbao uwanjani ili zikauke. Alikuwa ameifanya kwa miaka mingi, mchana kutwa, kichwani akiwa na kofia ndogo isiyofunika masikio.

Kwanza alipata vigaga vidogo kwenye paji la uso na masikioni. Vilikuwa vikavu na vilikwaruza kama msasa. Havikuuma. Alivibandua kwa kucha, vikatoka, vikarudi. Kisha kimoja, juu ya sikio la kushoto, kikawa kidonda. Kidonda hicho kilianza wakati watu wanapanda mahindi. Sasa watu walikuwa wanavuna, nacho kilikuwa bado kipo. Leo kilikauka, kesho kilitoa damu.

Pale kiwandani, nguzo za ua hupakwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini. Nguzo ikipakwa oili, mchwa hawaili upesi, na jua haliipasui. Khaemba alikuwa amepaka nguzo nyingi sana. Basi akafikiri: kama oili inalinda nguzo, itashindwaje na sikio?

"Wewe si nguzo," Celestine alimwambia. "Nguzo haina damu."

"Nguzo pia haipigi kelele asubuhi."

"Twende hospitali, Baba Travis. Nimekuomba mpaka mdomo umechoka."

Khaemba aliweka kikombe chini. Sauti yake ikabadilika.

"Nikienda, watasema wakate. Nitaenda na masikio mawili, nirudi na moja. Watu wananikodolea macho tangu nizaliwe, Celestine. Sitaki kuwapa sababu nyingine."

Celestine aliikamua ile foronya. Hilo alilielewa. Lakini pia aliona kile kidonda kikikua, na kila siku iliyopita ilimkera kama jiwe ndani ya kiatu.

Kama Khaemba hakutaka daktari, madaktari wengine walijileta wenyewe.

Jirani yao Sally, kiongozi wa akina mama kanisani, alileta shubiri iliyopondwa pamoja na majivu. "Shubiri inatibu kila kitu," alisema. "Mungu mwenyewe aliipanda bila kuombwa."

Kosgei, msimamizi wa kiwanda, alileta unga wa mkaa. Ulikuwa mkaa ule ambao kwao husuguliwa ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. "Mkaa huu unahifadhi maziwa wiki nyingi," alisema. "Sikio litaushinda kwa nini?"

Vyote viwili Khaemba alivipaka. Wa mwisho alikuwa Maxwel, binamu yake, fundi wa magari. Yeye alikuja na maji ya betri ndani ya chupa ya soda.

"Tone moja tu, shemeji," alimwambia Celestine. "Kuna mteja wangu alikuwa na chunjua kwenye kidole. Tone moja, chunjua kwaheri."

"Na kidole je?"

"Kidole kilipona. Polepole."

"Maxwel, toa hiyo asidi nyumbani kwangu!"

Lakini Khaemba alikuwa amechoka na kidonda, na amechoka kubishana. Celestine alipoenda kuchota maji, mumewe alimruhusu Maxwel amtie tone moja. Celestine alisikia ukelele akiwa bombani. Alirudi mbio, akamkuta mumewe ameshika kichwa, na Maxwel anampepea kwa kofia.

Celestine alimmwagia maji safi juu ya sikio, mtungi baada ya mtungi. Alikuwa na maneno mengi mno, yakagombania mlango wa mdomo, lisitoke hata moja.

Baada ya siku chache, kidonda kilifunikwa na kigaga kizito cheusi. Damu ilikoma.

"Unaona?" Khaemba alisema, akijitazama kwenye kioo. "Kimekauka! Nyinyi mlikuwa mnanitisha bure."

Hata Celestine alitaka kuamini. Aliacha kufua foronya kila siku. Alianza kulala usingizi.

Halafu ikafika Jumapili. Kanisani, mchungaji aliposema wasali, Khaemba alivua kofia. Kofia iling'oa kile kigaga. Damu ilitiririka shingoni mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Celestine alisogea kumfuta, akaona kilichokuwa chini. Kidonda hakikuwa kimepona. Kilikuwa kimepanuka, na kingo zake zilikuwa ngumu zimeinuka.

Baada ya ibada, wale waganga watatu walimfuata Khaemba hadi nyumbani. Walikuwa na nia njema. Waliketi, wakapewa chai, na wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Tone lilikuwa dogo," Maxwel alisema. "Tuongeze."

"Hapana, ni shubiri ilikosewa," Sally akajibu. "Hamkuchanganya majivu vizuri."

"Oili chafu na mkaa pamoja," Kosgei alisema. "Hatujajaribu pamoja."

Celestine aliinuka. Aliingia jikoni, akatoka na mkebe wa oili. Akauweka mezani. Akarudi, akaleta chupa ya maji ya betri. Akaleta bakuli la shubiri na majivu. Akaleta unga wa mkaa. Aliupanga msururu huo mbele yao, akafuta mikono kwa leso.

"Hizi ni dawa, sivyo?"

"Ndiyo," walisema.

"Ni dawa nzuri?"

"Sana," alisema Maxwel.

"Basi kila mtu ajipake yake. Kwenye sikio lake mwenyewe. Maxwel, anza wewe."

Maxwel alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Ai, shemeji! Sikio langu ni zima."

"Si tone moja tu? Weka kwenye kidole basi."

"Itaniunguza!"

"Kosgei, oili hii hapa. Paka uso uende nayo kazini kesho."

Kosgei alitazama mlango. Sally aliinamia kikombe chake kana kwamba kuna nzi ndani ya chai.

Khaemba, aliyekuwa ameketi pembeni na kitambaa sikioni, alimtazama binamu yake.

"Itakuunguza wewe," alisema taratibu. "Na mimi je?"

"Si unajua, kaka... ngozi yako ni tofauti kidogo."

"Kwa hiyo ngozi tofauti inataka asidi?"

Khaemba aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa watu wabaya. Lakini walikuwa wanamjaribia vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao angevigusa. Na yeye mwenyewe alikuwa amewaruhusu.

"Mama Travis," alisema, "kesho asubuhi twende Nakuru."

Katika kliniki ya ngozi mjini Nakuru walikutana na Chepngeno, mhudumu aliyesomea magonjwa ya ngozi. Alivaa glavu, akawasha taa, akatazama sikio. Kisha akatazama uso wote, shingo, midomo na mikono.

"Nani alichoma hapa?"

"Ni maji ya betri," Khaemba alinong'ona.

"Na huu weusi?"

"Oili chafu. Na mkaa. Na majivu."

Chepngeno alivuta pumzi ndefu. "Mzee, hapa umebakisha kupaka saruji tu."

Celestine alitaka kucheka na kulia. "Daktari, mimi nimesema mpaka nikakauka koo."

"Naamini, mama. Ninyi si wa kwanza wiki hii." Chepngeno alivuta kiti karibu na Khaemba. "Sikiliza. Rangi ya ngozi ni kama mwavuli. Inazuia jua lisiumize ngozi. Mwili wako hautengenezi rangi ya kutosha. Kwa hiyo umekaa juani miaka yote hiyo bila mwavuli."

"Lakini Elburgon ni baridi," Khaemba alisema. "Jua lenyewe tunalitafuta!"

"Baridi hupunguza joto. Haipunguzi miale inayochoma ngozi. Kule kwenu ni juu sana, na huko juu miale ni mikali zaidi. Inapita hata kwenye mawingu. Hivi vigaga vinavyokwaruza ni ngozi iliyoharibiwa na jua. Vingine hukaa hivyo hivyo. Vingine hugeuka kuwa saratani."

"Hiki cha sikioni," Celestine aliuliza, "ni saratani?"

"Siwezi kusema kwa macho tu. Tutampiga sindano ya ganzi, tutoe kipande kidogo, kipimwe. Hakuna oili wala shubiri inayoweza kupima."

"Lakini kilikauka," alisema Khaemba.

"Juu. Asidi ilichoma ngozi ya juu, ikaweka kifuniko. Chini ugonjwa uliendelea. Na kifuniko hicho kilikudanganya usije mapema. Oili nayo ina uchafu na sumu ya injini. Majivu kwenye kidonda huleta viini vya magonjwa."

"Na shubiri?"

"Shubiri inaweza kutuliza ngozi iliyoungua kidogo na jua. Haiondoi saratani. Isipakwe kwenye kidonda kisichopona."

Khaemba aliuliza swali alilokuwa analiogopa. "Kama ningekuja wakati wa vile vigaga vya kwanza?"

"Tungevigandisha kwa baridi kali, hapa hapa kliniki. Inachoma kidogo. Ungerudi nyumbani siku hiyo hiyo na sikio lako lote."

Celestine aligeuza uso akatazama ukuta. Aliogopa kwamba akimtazama mumewe atasema, "Nilikuambia." Hakusema. Lakini ukuta ule uliangaliwa kwa ukali sana.

Majibu yalirudi. Ilikuwa saratani ya ngozi. Ilikuwa haijasambaa. Daktari wa upasuaji aliondoa kidonda pamoja na kipande cha ukingo wa sikio. Sikio lenyewe lilibaki. Lilikuwa na pengo dogo juu, kama mkate ulioumwa mara moja. Vile vigaga vya paji la uso viligandishwa, vikanyauka, vikaanguka.

Kabla hawajaondoka, Chepngeno alimpa Khaemba mafuta ya kukinga jua.

"Haya si dawa ya kidonda," alisema. "Ni ya kuzuia. Paka kabla ya kutoka nje, na upake tena ukiendelea kukaa nje. Serikali ina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino mafuta haya bila malipo. Ulizia katika hospitali ya umma. Yakikosekana, usikae bila kinga. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli havikosekani. Na urudi tukukague kila tunapokupangia, hata kama huoni kitu."

"Nikiona kitu?"

"Kigaga kinachorudi, uvimbe unaokua, kidonda kinachotoa damu, au kidonda ambacho hakijapona kwa mwezi mmoja: njoo. Usikipake kitu. Njoo nacho kikiwa safi, nikione."

Nyumbani, Sally ndiye aliyekuja wa kwanza. Hakuleta bakuli. Alileta kofia ya nyasi yenye ukingo mpana. "Nimewaambia akina mama kanisani," alisema. "Nimewaambia nilikosea. Mwenzetu Chepkemboi ana mtoto mwenye ualbino, na wiki hii wanaenda kliniki." Maxwel alikuja jioni. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia.

"Kaka, nisamehe."

"Keti," Khaemba alisema. "Chupa yako iko wapi?"

"Imerudi kwenye betri."

"Na ikae huko."

Khaemba alikwenda kuzungumza na Kosgei kiwandani. Alimweleza kila alichoambiwa. Kosgei alisikiliza, akatazama uwanja wa mbao uliokuwa unawaka jua, kisha akatazama banda la mabati ambako mbao hupimwa na kutenganishwa.

"Macho yako yanasoma futi ya kupimia mbao?"

"Nikiishika karibu, nasoma vizuri."

"Basi kuanzia leo wewe ni wa bandani. Uwanjani utakwenda asubuhi mapema tu, na kofia."

Oili chafu ilirudi kwenye nguzo. Foronya ya zamani Celestine aliikata vipande, akaitumia kusugua sufuria. Alinunua mpya, nyeupe, na ikabaki nyeupe.

Siku moja Celestine alipeleka chakula cha mchana kiwandani. Alimkuta Khaemba bandani, amevua kofia anajipepea, na Kosgei anamzunguka akilichungulia lile pengo la sikio.

"Kwetu," Kosgei alisema, "ng'ombe wa boma hukatwa sikio hivi hivi. Akipotea, watu wanaangalia alama, wanajua ni wa nani."

Wafanyakazi walicheka. Khaemba aliinua mkono, akagusa pengo lile. Safari hii hakulificha. Alicheka pia.

"Sasa huyu akipotea," Kosgei aliuliza, "tumrudishe kwa nani?"

Celestine aliweka chakula juu ya mbao, akachukua kofia pana, akaikandamiza kichwani mwa mumewe mpaka ikafunika masikio yote mawili.

"Kwangu," alisema. "Na mkimkuta juani bila kofia, mleteni na kamba."