Mlio Uliorudishwa Mtoni

Haya yalimpata mpishi wa chumba cha pili kutoka mlangoni. Wapangaji wote wa nyumba hii tunayajua, ingawa hakuna anayeyataja mbele yake.

Asubuhi yenyewe ilianza kama asubuhi nyingine yoyote. Ilikuwa siku ya sita tangu boti ya utafiti iingie ndani ya msitu ule mkubwa wa mvua. Mpishi alikuwa amechuchumaa nyuma ya boti akimenya viazi, na maganda akiyatia kwenye ndoo, kwa kuwa Dokta alikataza kutupa hata ganda moja mtoni. Dokta mwenyewe hakuwa wa sindano na vidonge. Alisomea ndege wa porini, na safari ile ilikuwa ya kuorodhesha viumbe wa mto mzima kabla kampuni ya magogo haijapewa kibali cha kukata miti. Wenyeji wa msituni walikubali boti ipite kwa sharti moja, usukani ashike mtu wao. Ndiyo maana nahodha alikuwa mwanamke wa hukohuko, mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika.

"Dada, viazi hivyo unavimenya au unavichonga sanamu?" alimtania mpishi.

"Ngoja mchana ufike. Utakuja na sahani yako mwenyewe kuuliza kama vimebaki."

"Nikija nitakuwa nimezidiwa na njaa, usinihesabie."

Mbele ya boti alikaa binti wa mpishi, mtoto wake pekee, vidude vya kusikilizia vikiwa masikioni. Botini walimwita Masikio, maana alisikia mambo ambayo wengine hawakujua kama yapo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize masomo. Mama yake alimfuata Dokta ofisini mara tatu kumwombea nafasi hiyo. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama na mwana, na siku ya kuondoka mpishi alijiapiza moyoni kwamba atamrudisha mwanawe kama alivyomchukua.

Kazi ya Masikio ilikuwa na ujanja wake. Ananasa mlio wa ndege, kisha anaurudisha kwa spika. Ndege akiusikia hudhani kuna mwenzake aliyeingia kwenye eneo lake, basi hutoka mafichoni kuja kutazama, na hapo Dokta humpiga picha. Kwa siku tano ujanja ule haukuwahi kuwaangusha.

Kwenye saa nne walifika mahali ambapo mto unabanwa na miti kutoka pande zote mbili, na matawi yanagusana juu kama paa. Nahodha alizima injini. Akachukua kasia. Utani ulimwishia palepale.

"Hapa tunapita kimya," alinong'ona. "Ukimtaka mwenzako, gonga ubao."

Walipita kimya. Hakukuwa na nyani, hakukuwa na chura. Hata maji yalikoma kupiga ubavu wa boti, na bado boti ilikuwa inakwenda.

Kisha ukasikika mlio. Sauti tatu, za chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa.

Masikio alikwishaunasa. Dokta alimshika bega. "Ndege huyu hajasikika kwa miaka arobaini," alinong'ona. "Nikipata picha yake moja, hakuna atakayegusa mti wa hapa. Urudishe."

Nahodha aliinua kasia kutoka majini. "Dokta, usifanye hivyo. Sauti ya hapa inasikilizwa. Hairudishwi."

"Kwa nini?"

"Ukiirudisha, inajua unataka kubadilishana."

Dokta alitabasamu kwa upole, kama wanavyotabasamu watu waliosoma sana. "Mama, mashine hii ndiyo itakayowaokolea msitu wenu."

Nahodha aliwahi kuona misumeno ya kampuni ikilala kwenye mpaka wa kijiji chao, ikisubiri tu karatasi. Alitazama maji. Akarudisha kasia.

Masikio alimgeukia mama yake. Hakuuliza kwa mdomo, aliuliza kwa macho, kama alivyofanya tangu utotoni. Na mpishi, ambaye hakutaka mwanawe aonekane mwoga kwenye kazi ya kwanza, alitikisa kichwa kukubali.

Spika ikatoa zile sauti tatu.

Jibu lilitoka ukingo wa kushoto. Karibu.

Masikio akarudisha mara ya pili. Jibu likatoka karibu zaidi, nyuma ya majani yaliyokuwa yakigusa boti. Hakuna jani lililotikisika.

Akarudisha mara ya tatu.

"Mama, njoo uone."

Ilikuwa sauti ya Masikio. Ilitoka msituni. Mpishi alimtazama mwanawe aliyekaa hatua nne mbele yake, na midomo ya mwanawe ilikuwa imefumba.

Binti alifungua mdomo. Hakukutoka neno. Ilitoka pumzi tu, ndefu, kama upepo unaopita chini ya mlango.

Mpishi alitaka kupiga kelele, lakini nahodha alikwishamfikia na kumziba mdomo kwa kiganja. "Usiitike," alimnong'oneza sikioni. "Ukiitika, umekubali kubadilishana na mwanao harudi. Ukinyamaza, huenda ikachoka ikamrudisha."

Ni lile neno huenda ndilo mpishi alilolishika.

Waligeuza boti. Safari ya kurudi, bila kusimama popote, ilikuwa ya siku mbili, na siku zote mbili sauti iliwafuata ukingoni. Masikio alikaa pale alipokalishwa. Akilishwa alikula. Akiguswa hakugeuka. Na kutoka kwenye miti sauti yake iliita, wakati mwingine mbele ya boti, wakati mwingine nyuma.

"Mama, mbona mnakwenda kasi? Nisubiri."

Mpishi alijifunga kitambaa mdomoni.

"Mama, nimekukosea nini?"

Alikiuma kitambaa mpaka kikatoboka. Dokta alikaa amejifunika uso kwa daftari lake. Hakuwa ameandika kitu. Siku ya pili mchana sauti ililia, si kilio cha mtu mzima, bali kile cha Masikio wa miaka minne aliyepotea sokoni. Mpishi alikikumbuka vizuri kilio hicho. Siku ile ya sokoni alikifuata mpaka akamwona. Sasa alikaa. Akanyamaza. Boti ikaendelea.

Msitu ulipoisha, sauti nayo iliishia hapo. Nahodha alishuka bila kuaga. Mwezi mmoja baadaye kampuni ilipata kibali chake.

Hospitalini walimpima Masikio kila kitu. Damu nzuri, koo zima, masikio mazima. Mpishi akamrudisha chumbani, akamlaza kitanda cha dirishani, akawa anatoka kwenda kupika kwenye ofisi ya karibu na kurudi mbio kumlisha.

Wiki ya pili, asubuhi moja, alipomfunua kumwosha, alikuta miguu ina tope. Tope jeusi, bichi, limejaa katikati ya vidole. Shuka lilikuwa safi. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

Alimwosha. Kesho yake tope lilikuwepo tena.

Baada ya siku kadhaa tope liligeuka vumbi jekundu, na nyayo zikaanza kupasuka. Kisha likaja lami. Vipande vidogo vya lami, na kigae cha chupa kilichozama kisiginoni. Binti hakuwahi kuinuka kitandani. Jirani aliyemshika mguu siku hiyo alisema, "Huyu ametembea."

Hapo mpishi alielewa. Alikaa sakafuni akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Mwanawe alikuwa njiani. Alipiga deki chumba, akanunua malapa mapya, akapika chakula cha watu wawili kila siku. Tulimwonea huruma. Lakini kila asubuhi alituonyesha nyayo, nasi tuliinama kuziangalia.

Siku ya arobaini na moja tangu warudi, nyayo zilikuwa na unga wa saruji. Mwanzoni mwa mtaa wetu kuna nyumba inajengwa. Saruji ilikuwa ileile.

Saa nane mchana, watu wakianika nguo uani, mpishi alisikia mlango wake ukiguswa.

"Mama. Nimefika. Nifungulie."

Alisimama katikati ya chumba. Hakuna aliyemwambia sheria ya mtoni inaishia wapi. Kama ni mwanawe, neno moja lingetosha. Kama ni ile nyingine, neno hilohilo lingemmaliza mtoto kabisa. Akageuka kitandani. Binti alikuwa ametulia, macho dirishani.

"Mama, najua upo. Nasikia unavyopumua."

Alitaka kuitika. Anasema aliufungua mdomo. Lakini mkono wake ulipanda wenyewe, kama ulivyozoea mtoni, ukauziba.

"Mama."

Alikaza kiganja mdomoni.

"Haya."

Lilisemwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Kisha pakawa kimya. Mpishi alisubiri mpaka hakuweza tena. Alipogusa paji la uso la mwanawe, lilikuwa la baridi. Akafunua shuka. Nyayo zilikuwa safi, laini, bila ufa, kama za mtoto asiyewahi kukanyaga chini.

Sisi tulifika kwa kelele zake. Ndipo tulipoziona mlangoni, nyayo mbili za majimaji juu ya sakafu ya saruji, vidole vikielekea ndani. Tuliangalia ukumbi wote na uani. Za kuondoka hazikuwepo.

Huu ni mwaka wa pili. Tumezisugua kwa sabuni na dawa ya choo. Mwenye nyumba alileta fundi akamwaga saruji mpya juu yake, nene kama kidole. Asubuhi zilikuwa juu ya ile mpya, zimelowa.