Injini ya Lonzo Fugate

Bisha. Anza kubisha sasa hivi ukiwa bado na pumzi, maana nikifika katikati hutakuwa na mate ya kubishia. Waliobisha kabla yako walikuwa na vifua vikubwa kuliko chako. Wengine wameshuka migodini miaka nenda miaka rudi, na mmoja ni mchungaji. Wote waliondoka bila kuaga.

Shule niliiacha darasa la tisa, au tuseme tuliachana, kila mtu akashika zake. Lakini nionyeshe profesa anayeweza kusikiliza injini akiwa chooni akakwambia ni silinda gani imekufa. Mimi naweza. Jina langu Coy Sizemore. Uliza popote kwenye bonde la Pigeon Fork, hapa Kentucky mashariki, utaambiwa: aa, yule mdomo. Basi mdomo huohuo ndio unaokusimulia jinsi nilivyomwokoa kaka yangu Denver.

Denver ndiye aliyenilea. Baba alikufa na vumbi la makaa kifuani, Mama akawa anafua mashuka ya hospitali kutwa, na Denver, mvulana tu, akageuka baba wa nyumba. Alinipikia maharage, alinichapa, alinifundisha kunyoa ndevu nikiwa sina hata unywele mmoja kidevuni. Sijawahi kumsikia akijitakia kitu chake mwenyewe, isipokuwa Chevelle ya Baba. Ya mwaka sabini, gari la vijana wa zamani waliokuwa na haraka ya kufa. Ilikuwa imelala bandani na injini iliyopasuka tumbo. Baba mwenyewe aliipasua, akishindana na mpumbavu mwenzake kwenye barabara ya mtoni.

Majira yote ya baridi Denver alipanga. Wewe unadhani kubadilisha injini ni kutoa hii na kutia ile, kama soksi. Thubutu! Alikata maboksi ya katoni, akayagundisha mpaka yakawa umbo la injini kubwa anayoitaka, akalitumbukiza chini ya boneti akaanza kupima. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, isigonge chuma cha mbele. Ekzosi zipite pembeni ya usukani. Boneti ifunge. Propela, ule mtaimbo wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, ikatwe kiasi gani, miguu ya injini ichomelewe wapi. Alichorachora kwa chaki sakafuni hadi Mama akakataa kuingia bandani, akisema pamekaa kama pa mganga. Kila kitu kikawa tayari, ila injini yenyewe.

Injini tuliipata kwa Mzee Delmer Fugate, anayekaa peke yake juu kabisa ya bonde. Denver alimpelekea mbwa wake bora wa kuwindia, wabadilishane. Mzee akamtazama mbwa kidogo.

"Hata bila mbwa ningewapa," akasema.

Ilikuwa bandani kwake, imefunikwa mfarishi kama mgonjwa. Silinda nane, chuma kizito, safi, imepakwa mafuta. Kila mtu bondeni anajua imetoka wapi. Delmer na kaka yake Lonzo walikuwa na gari wanalolishindanisha, na siku moja likapinduka mtoni. Delmer akatokea dirishani. Lonzo akanaswa miguu. Petroli ikachuruzika, na injini ikaendelea kunguruma imelala chali, jambo ambalo injini haifanyi. Delmer akasimama barabarani, asirudi. Gari likaungua, Lonzo akaungua, chuma kikabaki.

"Ninyi ndugu?" mzee akauliza, kwa sauti ya chini.

"Baba mmoja, mama mmoja," nikamjibu. "Ila sura yote nilichukua mimi."

Hakucheka. "Basi msiiwashe mkiwa wawili. Mmoja aende mbali. Aende asikosikia."

"Kwa nini, mzee?" Denver akauliza.

"Itataka kujua."

"Kujua nini?"

Ndipo nikagundua kwamba tangu tuingie mzee hajaitazama injini hata mara moja. Mkono wake tu ndio uliokuwa juu yake, unaipapasa taratibu, kama mtu anayempapasa mbwa aliyekwisha kumng'ata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, jua kali, ndege wanapiga kelele. Mama alikwenda kanisani. Tukala maandazi ya kuoka yaliyobaki na mchuzi mzito wa soseji, tukatoka uani tumeshiba.

Sasa hapa ndipo wasomi wanapochekaga. Mafundi wa mjini wana vitanda vya chuma vya kujaribia injini. Sisi tuna tairi la lori. Kwetu injini haiaminiwi wala haipandishwi kwenye gari mpaka iwashwe chini. Unailaza ndani ya tairi, unaifunga mnyororo kwenye nguzo ya banda isirukeruke, unachomeka mpira wa maji wa kumwagilia bustani ili isichemke, petroli unaitia kwenye galoni la maziwa, halafu mtu mmoja anashika waya za betri. Babu alifanya hivyo, Baba alifanya hivyo, na vidole vyao walizikwa navyo vyote. Karibu vyote.

Denver akasita. "Dogo, kwa nini usimfuate Mama kanisani?"

"Eti?"

"Nenda tu. Nitakuita ikishawaka."

"Ahaa! Unamwogopa yule babu mlevi!" Nikamcheka mpaka nikashika mbavu. "Na waya atakushikia nani? Malaika?"

Akacheka na yeye. "Mdomo wako utakuzika, Coy."

Kwanza akaizungusha kwa mkono, kama fundi yeyote mwenye akili. Akatia spana ndefu kwenye nati ya kranki, akavuta. Ikazunguka laini, laini mno. Akaweka kiganja kwenye chuma, akakiondoa upesi.

"Ya moto," akanong'ona.

Ilikuwa imelala kivulini tangu jana yake.

Nikasogeza waya. Nakuapia kwa kaburi la Baba, waya haukugusa. Ulikuwa bado upana wa kidole kutoka kwenye stata, na injini ikawaka.

Mungu wangu, ile sauti! Mbona tulipiga kelele za furaha. Madirisha ya jikoni yalitetemeka, kuku wa jirani wakapanda mti. Denver akanikumbatia shingoni kwa mkono wake wa kulia. Naukumbuka sana mkono huo.

Kisha sauti ikabadilika. Ikashuka, ikapanda. Ikashuka, ikapanda. Kama kifua cha mtu aliyekimbia.

"Zima," Denver akasema.

Nikautupa waya. Haikuzima.

Akaung'oa mpira wa petroli. Galoni likapinduka, petroli ikamwagika majanini. Haikuzima.

"Si kitu," akasema, midomo imekauka. "Nitaikaba."

Ni ujuzi wa kawaida tu. Injini ikikataa kuzima unaiziba pua. Unaweka kiganja juu ya kabureta, inakosa hewa, inakufa. Denver amefanya mara nyingi. Akaweka kiganja.

Ikakivuta.

Nikamwona akijaribu kukitoa. Mkono haukutoka. Ngozi ya kiganja ilikuwa inaingia ndani, inakunjamana, inaingia. Akanigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona usoni kwake.

Injini ikapiga ukelele. Mnyororo ukakatika. Ukanichapa hapa, tazama, meno haya matatu ya mbele si yangu. Nikaanguka chali, mdomo umejaa damu na vipande. Nilipoinua kichwa, injini ilikuwa imetoka kwenye tairi. Inatambaa. Chuma kizito kile, hakina gurudumu wala mguu, kinatambaa juu ya majani na Denver chini yake.

Feni ya injini ikaudaka mkono wa shati lake.

Mfupa una sauti yake. Usiombe kuijua. Feni ilipiga, ikapiga, ikapiga, na kila pigo Denver alitoa mlio mfupi kama wa mtoto. Damu ilirushwa ukutani, kwenye betri, kwenye macho yangu. Nikaona vidole vyake viwili majanini. Vilikuwa mbali naye, na bado vinajikunja.

Petroli ikashika moto.

"Coy," akasema. Hakupiga kelele. Alinong'ona, na nilimsikia juu ya ngurumo yote ile. "Coy. Usiniache."

Hapo, msikilizaji, injini ikapunguza mwendo. Taratibu. Ikawa inanguruma chini kwa chini, feni inazunguka polepole hadi nikaweza kuyahesabu mapanga yake mekundu. Moto ukimzunguka kaka yangu, na ile injini imetulia juu yake.

Inangoja.

Mtu mwingine angefanya nini? Mimi ni Sizemore. Niliruka ule moto. Nilimshika Denver miguu yote miwili, nikaweka kisigino changu kwenye chuma, nikavuta. Nyama ikakataa, nikavuta tena. Alitoka bila mkono. Nikamburuta hadi kwenye majani mabichi karibu na kisima, na nyuma yetu ile injini ikakohoa mara moja, ikafa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Gazeti la wilaya lilinipiga picha nikiwa sina meno. Kanisani walisimama wakanipigia makofi, na akina mama waliokuwa wakinificha mabinti zao wakaniletea keki. Denver alipotoka hospitali, kitu cha kwanza alichofanya ni kuniandikia hati ya Chevelle kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama walevi. Mpaka leo tukikaa mezani haanzi kula kabla hajanigonga bega. "Huyu," anawaambia wageni, "huyu ndiye ndugu."

Haya. Si nilikwambia hutakuwa na mate?

Mbona unaniangalia hivyo?

Usiniangalie hivyo, bwana.

Sawa. Kuna kipande nimekiruka. Humfikishii Denver, wala Mama; na ukimfikishia nitasema wewe ndiye mwongo, nao wataniamini mimi.

Sikuruka moto wowote.

Aliposema "usiniache", nilisimama, nikamtazama machoni, nikakimbia. Nilipita lango, nikashika barabara, nikakimbia huku nimeziba masikio kwa viganja, na bado nikaisikia. Inangoja. Nilifika darajani. Hapo ndipo ikanyamaza ghafla, kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

Sijui nilikaa darajani muda gani. Nilirudi kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliingia uani nikitarajia majivu.

Denver alikuwa kwenye majani mabichi karibu na kisima, mbali na moto. Amelazwa chali, kichwa kimeegemezwa kwenye ndoo, kwa uangalifu, kama mtu anavyomlaza mtoto. Pale mkono ulipokatikia hapakuwa na damu. Palikuwa pamechomwa, pameziba, peusi. Kwenye vumbi palikuwa na mburuzo wa mwili wake kutoka motoni hadi pale alipolala. Nyayo za mvutaji hazikuwapo. Kulikuwa na mistari miwili tu mbele ya mburuzo ule, kama ya mtu anayejikokota kwa viwiko kwa kuwa miguu yake ilinaswa, haifanyi kazi.

Denver akafumbua macho, akaniona nimesimama juu yake.

"Nilijua hutanikimbia, dogo."

Nikamwambia, "Ningekukimbiaje?"

Ana makovu kwenye vifundo vya miguu, yote miwili. Madaktari walisema ni petroli. Lakini kiangazi akivaa kaptura yanaonekana vizuri: viganja viwili, gumba mbele, vidole vinne nyuma, vimezama kwenye nyama kama chapa ya ng'ombe. Yeye huwaonyesha watu kwa fahari. Anasema ni mimi, eti nilimshika kwa nguvu kiasi hicho, na kwamba moto ulikuwa mikononi mwangu na sikumwachia.

Siku moja alilala barazani mchana, miguu wazi. Nikapiga magoti. Nikaweka viganja vyangu juu ya makovu yale, taratibu, asiamke. Gumba kwenye gumba, kidole kwenye kidole.

Vyangu havikufika.