Niamshe Kituo Kikuu

Treni ile ilikuwa na usingizi wake. Mtu alikuwa hajakaa sawasawa, kope zinashuka. Aliyekosa kiti alilala wima, mkono juu kwenye bomba, akikoroma kwa heshima asimuudhi jirani. Kuna bwana mmoja alianza ndoto jioni, akashuka nayo katikati, akapanda kesho yake na kuiendeleza palepale alipoiacha. Asiyeamini akawaulize walalaji wa behewa la tatu, kama atamkuta aliye macho.

Wala haukuwa uvivu. Fasheni ya zama zile ilikuwa kuishi mbali. Walianza wachache waliochoshwa na honi za mjini, wakahamia kule ambako mtu anapata ua, mti wa kivuli na kuku asiyeshitakiwa na jirani. Wengine wakawafuata, na wengine wakawafuata hao, mpaka mji ukabaki na meza na nje ya mji kukabaki na vitanda. Halafu, rangi ya nyumba zile haijakauka, fasheni ikageuka kama kinyonga. Mtu wa maana sasa akawa yule anayelala ghorofani katikati ya mji na kwenda kazini kwa miguu yake. Waliokwisha kuhamia mbali wakabaki njiani, asubuhi wakipelekwa na jioni wakirudishwa, kama pasi juu ya shuka.

Hapo ndipo lilipozaliwa sharti la kuamshana. Unamtajia uliyekaa naye kituo chako, basi, unalala. Hata kama hamjuani, hata kama mligombania kiti hichohicho, atakuamsha. Akitaka kulala yeye, anakukabidhi kwa mwingine pamoja na kituo chako, kama mlinzi anavyokabidhi zamu. Katika treni ile kukanyagana kulisameheka, kutukanana kulisameheka. Kumwacha mtu apitilize hakukusameheka.

Jioni moja, Kituo Kikuu kimefurika watu hadi ngazini, mwanamke mmoja alipenya kwenye behewa la tatu akiwa amekumbatia mfuko wa vitambaa mkubwa kuliko yeye. Alivaa gauni la kijani kibichi, kitambaa cha manjano kichwani, na begani alichomeka pini safu nzima, kama askari mwenye nishani. Alikuwa mshona mapazia. Alijitupa kwenye kiti pembeni ya kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, aliyenukia grisi na sabuni iliyoshindwa na grisi. Huyo alikuwa fundi wa lifti.

"Kaka yangu, samahani. Unashuka wapi?"

"Mwisho kabisa. Ningekuwa na mbele ya hapo ningeenda, ila reli imegoma."

"Afadhali. Mimi ni Tangini. Niamshe."

Tangini kilikuwa kituo kimoja kabla ya mwisho, penye tangi kubwa la maji.

"Nikuamshe kwa jina gani?"

"Niamshe kwa bega. Jina utapewa ukifanya kazi vizuri."

Fundi alikuwa bado anatafuta jibu la kumkomesha, kichwa cha mwanamke kikamwangukia. Pini zikamwingia mkononi, moja baada ya nyingine. Hakusogea. Alilitazama lile paji la uso lililokunjuka, kinywa kilichofunguka kidogo kama cha mtoto, nyuzi za rangi tatu zilizonasa kwenye nywele. Tangi la maji likaonekana dirishani. Akafungua mdomo. Akaufunga. Tangi likapita.

Treni iliposimama kwa mshtuko, mshona mapazia alifumbua macho. "Hapa ni wapi?"

"Ni... mbele kidogo."

"Mbele kidogo ya wapi?"

"Ya Tangini. Na nyuma kidogo ya pori."

"We mtu una akili zako timamu?"

"Nilikuwa nazo mpaka ulipolala."

Alimwinulia mfuko wa vitambaa ampige nao, kisha akaona damu kwenye mkono wa ovaroli, vitone vitone mahali pini zilipomchoma. "Na hukusema?"

"Ningesema ungeamka."

Alicheka bila kupenda, na mwanamke akicheka bila kupenda, jambo limekwisha. Walikaa kwenye benchi wakila karanga za kwenye karatasi, wakingoja treni igeuze. Wakati inageuza, hakuna aliyekuwa na haraka tena.

Tangu siku hiyo fundi akamshikia kiti kwa kuweka boksi lake la spana. Abiria mmoja mwenye sauti ya kupasua kioo, waliyemwita Spika, akajitwisha kazi ya kuwatangazia wengine habari zao. "Mabibi na mabwana, boksi limewekwa! Harusi lini jamani, au mnangoja reli irefushwe?"

Wakiachana, simu inaanza.

"Umefika, Bibi Pini?"

"Nimefika, mchomwa wangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama anauliza hiyo sauti inayonichekesha ni ya nani."

"Mwambie ni ya mke wa mtu."

"Mtu gani huyo?"

"Ndiyo tunamtafuta. Kama una jina, leta."

Jina alikuwa nalo tangu jioni ya karanga. Kilichokosekana ni mahali pa kuliweka.

Fundi alikuwa na nyumba yake kule mwisho, ya vyumba vitatu, alivyopandisha kimoja kimoja kwa mikono yake. Aliishi humo na mama yake, aliyepoteza macho na aliyeijua ile nyumba kwa vidole. Alijua ufa ulipo, kizingiti kilipo, na mlangoni kulikuwa na mndimu ambao harufu yake ilimwambia kwamba amefika. Ndani ya ua ule mama alitembea bila fimbo, akifagia na kugombana na kuku kama mwenye macho manne.

Mshona mapazia alikuwa na mtoto wa kike, aliyeshinda Tangini na bibi yake. Yeye aliondoka mtoto amelala, akarudi mtoto amelala. Alijua urefu wa mtoto huyo akiwa kitandani. Akisimama hakuujua vizuri. Mtoto alimwita bibi yake "Mama". Yeye mwenyewe aliitwa "Dada".

"Juzi nilipata homa nikashinda nyumbani," alimwambia fundi, wakiwa wamebanana behewani. "Akaja kunisalimia. Shikamoo dada, utaondoka saa ngapi? Kama mgeni, unaelewa? Mimi siwezi tena, mpenzi. Nashona mapazia ya hayo maghorofa kila siku, napima madirisha ya watu wanaoamka jua limeshawaka. Nataka dirisha moja liwe langu. Chumba karibu na kazini kwangu, mchana nateremka, namlisha mtoto, narudi."

"Uje kwangu. Kuna ua, atacheza."

"Kwako ni kituo kimoja zaidi! Badala ya kumwona amelala, nitamkuta ameshaota ndoto zote."

"Lakini ghorofani, Bibi Pini? Mimi? Zile lifti nazijua mimi. Mpishi halali kwenye sufuria."

"Panda ngazi basi."

"Na mama?"

Hapo mazungumzo yalifika mwisho wa reli kila mara. Walijaribu kutafuta katikati, wakateremka kituo cha nusu ya njia kuangalia nyumba. Wakaona kwamba hapo asubuhi treni inapita bila kusimama, imeshajaa. Katikati palikuwa mbali na kila kitu.

Mwishowe fundi akalainika, au alisema amelainika. Mteja mmoja wa mapazia alikuwa anahama, ghorofa ya pili, vyumba viwili, ngazi fupi hata kipofu angezizoea. Mwenye nyumba alitaka kuwaona wote wawili asubuhi, kabla hajafungua ofisi, maana waliokuwa wanavitaka walijaa kama siafu.

"Utakuja kweli?" mshona mapazia aliuliza kwenye simu.

"Nitakuja, roho yangu."

"Umemwambia mama?"

"Nimemwambia. Amesema sawa." Hapo hakudanganya. Mama alisema sawa, kisha akatoka kwenda kushika mndimu, akakaa nao sana.

Asubuhi hiyo mshona mapazia alipanda Tangini macho mekundu, kwa kuwa alikesha akishona pazia la dirisha ambalo hajalipata. Alikuwa nalo begani limeviringishwa. Boksi la spana likaondolewa, akakaa.

"Leo usinifanyie mchezo. Niamshe Kituo Kikuu."

"Lala, mama. Nipo."

Akalala, na pini zikamchoma fundi mahali pake pa zamani. Kituo Kikuu kikaingia dirishani na nguzo zake na zogo lake. Milango ikafunguka, watu wakamwagika. Fundi akafungua mdomo. Akaona mkono wa mama yake ukipapasa ukuta mtupu, laini, usio na ufa. Akaufunga mdomo. Milango ikajifunga.

Mshona mapazia aliamka moshi wa viwandani umejaa dirishani. Hakuuliza ni wapi. Alimtazama tu.

"Ulilala vizuri mno," fundi alisema. "Nikakuonea huruma. Kama siku ile."

"Siku ile nilikuwa nakwenda kulala. Leo nilikuwa nakwenda kuishi."

"Tutateremka, tutarudi mbio..."

"Sema ukweli. Ulisinzia?"

Angesema ndiyo, mambo yangekuwa mengine. Lakini walisikilizwa na behewa zima, na katika behewa hilo uongo wa usingizi haukuwahi kusemwa na mtu. "Sikusinzia," alisema.

Walipofika kwa mwenye nyumba, watu wengine walikuwa wameshaanza kupandisha kitanda chao.

Kuanzia kesho yake mshona mapazia alipanda behewa la saba. Boksi la spana liliendelea kushika kiti kilichokosa mwenyewe, na abiria, ambao huko nyuma wangelitupa nje, walikipita wakasimama. Fundi alipiga simu.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi rudi."

"Kukusamehe naweza. Kulala karibu yako ndiko siwezi."

Siku nyingine simu ilimjia mshona mapazia na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mwanangu, mimi mama yake huyo mjinga."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu hali chakula. Ndimu zangu zinaisha kwa kutengenezewa maji asiyoyanywa. Nimemwambia aende kwako, aniache. Anasema nitapotea. Nipotelee wapi, na mimi giza ninalo mwenyewe?"

"Mama, wewe ungekuja tukae wote?"

Kuku akalia upande wa pili.

"Nisikudanganye, mwanangu. Hapa mimi ni mtu. Huko nitakuwa mzigo wenye jina. Nawe ukija huku, mtoto wako ataendelea kukuamkia kama mgeni. Sijui niombe nini."

"Hata mimi sijui, mama."

"Basi tuseme kwaheri kwa adabu." Na wakasema kwa adabu, kisha kila mmoja akashikilia simu iliyokwisha kukatika.

Chumba kingine kilipatikana, kidogo, dirisha moja. Siku ya kuhama cherehani ilitangulia na mkokoteni, naye mshona mapazia akapanda treni akiwa na mtoto wake na lile pazia. Alipanda behewa la tatu, na sababu yake aliijua mwenyewe. Fundi, aliyekwisha kupanda tangu kituo cha mwisho, aliwaona akaja kusimama pembeni yao, boksi mkononi.

"Nafasi hii ina mtu?"

"Ilikuwa naye. Kaa."

Akakaa. Mtoto akamkagua toka viatu mpaka nywele. "Wewe ndiye unayechomwa?"

"Ndiyo mimi."

"Inauma?"

"Ukizoea, ikikosekana ndiyo inauma."

Mshona mapazia aligeukia dirisha. Alivaa lile gauni la kijani, lakini begani hakukuwa na pini hata moja. Alizichomoa zote nyumbani, mbele ya kioo, taratibu.

"Niangalizie mtoto," alisema. "Na uniamshe Kituo Kikuu."

"Utalala kweli?"

"Nimechoka."

Akaweka kichwa pale pake. Fundi akakaa kama mti. Vituo vilipita. Hakuthubutu kumtazama usoni, maana uso huo ulikwisha kumponza mara mbili. Alitazama nje tu, akijikumbusha kama mtoto anayetumwa dukani: safari hii nisikosee, safari hii nisikosee. Mtoto, yeye, alimtazama Dada, kisha fundi, kisha Dada.

Nguzo zikaonekana. Fundi akafungua mdomo, na sauti ikatoka.

"Amka. Umefika."

Macho yakafumbuka mara moja, mapema kuliko ya mtu aliyelala. Fundi alikuwa anatazama mlango, hakuona.

"Ahsante," alisema mshona mapazia. "Umenitendea haki."

"Ndilo sharti."

"Ndilo sharti."

Alimshika mtoto mkono, wakateremka katika mwanga wa asubuhi, katikati ya wenye mifuko na viatu vya kazi. Treni ikaanza kuvuta.

"Dada," mtoto akasema, "mbona ulikuwa hulali? Ulikuwa unafumba tu."

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

Mshona mapazia aliliweka sawa pazia begani. "Anipitilize," akasema, na mtoto, ambaye alikuwa macho makavu kabisa saa hiyo ya asubuhi, hakuelewa, akadai abebwe.

Ndani ya behewa la tatu fundi alibaki na boksi lake magotini. Kituo kilichofuata ndicho kilichokuwa cha kazini kwake. Kikaja, milango ikafunguka, ikajifunga, kikapita. Macho yake yalikuwa wazi, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumwamsha.