Bingwa Alipoacha Kutetemeka

Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia bwawa, Kidagaa na kaka yake Bingwa walibeba tyubu la gurudumu la lori hadi ukingoni. Kidagaa aliitwa hivyo kwa udogo wake. Bingwa jina lake alijipachika mwenyewe.

Tyubu lilikuwa la Shangazi, mvuvi na mlezi wao. Katikati alilisukia kiti cha kamba, ili mtu aketi miguu ikining'inia majini, akijisukuma kwa nyayo huku ameshika mshipi. Maji yalishuka kutoka milimani, baridi yake inakata kama wembe. Kwa hiyo Shangazi alikuwa na utaratibu: mvuvi avae jaketi la kuelea, tyubu lifungwe kamba ndefu, na mwenye kushika kamba nchi kavu awe anatega vitendawili. Majibu yakichelewa, avute bila kuomba ruhusa.

Jumamosi moja Bingwa aliifungua kamba kabla ya kuingia majini. Alidai inawatisha samaki. Kidagaa alipopinga, alimwambia ameanza kuwa bibi kizee kabla ya kuota meno yote.

"Na usimwambie Shangazi," akaongeza.

Kidagaa akatii, akabaki ukingoni. Alitega kitendawili cha kwanza: ana meno mengi lakini haumi. Bingwa akajibu kuwa ni mwalimu wa hesabu, kisha akacheka na kusema ni kitana. Samaki walikuwa wananasa, naye akazidi kusogea mbali. Meno yake yakaanza kugongana. Kidagaa akamsihi arudi. Akaambiwa bado mmoja tu.

Baada ya kitambo kutetemeka kulikoma.

"Baridi imekwisha," Bingwa alisema polepole, ulimi mzito. "Nimezoea."

Kidagaa akatega kile kile cha kitana. Bingwa akamtazama kama asiyemjua.

"Mama," akajibu. Mshipi ukamponyoka mkononi, wala hakuufuata.

Kidagaa aliingiza mguu majini, akautoa. Angezama, wangekuwa wawili. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta Shangazi anapara samaki, na fundi baiskeli wa jirani anamtengenezea toroli. Hakuficha kitu: kamba imefunguliwa, Bingwa haongei sawasawa.

Shangazi hakuuliza la pili. Alivaa jaketi lake, akajifunga kamba kiunoni, akachukua tyubu la akiba. Fundi na Kidagaa wakashika mwisho wa kamba ukingoni. Alimkuta Bingwa ameinamisha kichwa, vidole vimekakamaa hata kushika haviwezi. Akamkumbatia, akainua mkono. Wakavuta, viganja vikichubuka, mpaka wote wawili wakafika kwenye matope.

Walimbeba akiwa amelazwa chali. Nyumbani walimvua nguo zilizolowa, wakamfunga mablanketi makavu. Fundi alitaka kumsugua miguu na kumsogeza motoni. Shangazi akamzuia, akasema mwili uliopoa hivyo hupashwa taratibu, kifua kwanza. Fundi akapanda baiskeli kumwita mganga wa zahanati. Kidagaa alikaa akiyatazama mablanketi kama yanapanda na kushuka.

Hatimaye Bingwa akaanza tena kutetemeka, kitanda kikalia. Kidagaa akashtuka, lakini Shangazi alishusha pumzi kwa mara ya kwanza. Mganga alipofika akasema mwili umeamka. Bingwa alipoweza kumeza vizuri, akapewa chai ya moto yenye sukari.

"Nilidhani nimepata joto," alinong'ona.

"Ndivyo baridi inavyodanganya," Shangazi alisema. "Mwili ukichoka kutetemeka, hapo ndipo hatari ilipo. Mtu arudi nchi kavu angali anatetemeka." Kisha akamgeukia Kidagaa, aliyekuwa analia kimya kimya. "Nawe mwanangu, ulikimbia badala ya kujitosa, na umesema kweli. Umemwokoa. Lakini ungeniambia pale alipofungua kamba, asingefika huku. Aliye majini, baridi humwibia akili asijue; akili yake inabaki kwa aliye nchi kavu. Leo ilikuwa kwako tangu asubuhi, ukaificha kwa sababu kaka amekuambia unyamaze."

Kidagaa akafuta macho. "Sitanyamaza tena, Shangazi."

"Hata mimi nikikuambia," Shangazi akasema, "usinyamaze."