Mtu Mwenye Nywele Kavu

Simu iliita mara moja, ikakatika. Ikaita mara mbili, ikakatika.

Dagrún Ketilsdóttir akakanyaga mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara waliyopatana na Ísleifur, na hakuwa ameiombea ije. Land Cruiser ikaruka tuta la changarawe, ikatua kwa kishindo, kondoo watatu wakakimbilia mtaroni.

Akapiga yeye.

"Sema, Mzee."

"Uko wapi?" Sauti ya Ísleifur ilikuwa imekauka. Alikuwa Reykjavík, mbele ya vioo vyake vya kupimia mitetemo.

"Dakika ishirini nifike Skarðseyri."

"Siku ya tisa imeanza. Tetemeko la mbili nukta tisa, sasa hivi tu. Chini ya mji kabisa. Kilomita nne kwenda chini."

"Na wenye machimbo wameripoti nini?"

"Baruti. Eti wanalipua mawe machimboni." Mzee alicheka kicheko kibaya. "Kilomita nne chini ya ardhi! Na jana pia wakaandika baruti. Jana, Dagrún! Tarehe kumi na saba Juni!"

Dagrún akatema mate nje ya dirisha.

Jana ilikuwa sikukuu ya taifa. Nchi nzima ilikuwa barabarani na bendera, mvua ikiwanyeshea kama kawaida, watoto wamejipaka sukari mpaka masikioni. Siku hiyo hakuna mtu anayegonga hata msumari. Ni mgeni peke yake, tena mgeni mwenye dharau, ndiye angeandika kwamba machimbo yalifanya kazi. Mashine za ofisini kwa Ísleifur ziliipokea taarifa hiyo, zikaweka alama ya mlipuko, zikaiondoa kwenye orodha. Vijana wa zamu hawakuuliza kitu.

Ísleifur aliuliza. Kwa miaka thelathini na moja mzee huyo alikuwa akifika kazini alfajiri, anajimiminia kahawa, anavunja andazi lake la kusokota, halafu anayapitia matetemeko yote ya dunia ya siku iliyopita. Chile, Japani, Uturuki, Alaska. Moja moja, kwa macho yake mwenyewe. Kando ya kila moja ana safu ya chanzo: mvua kubwa, mwezi mpevu, bwawa jipya la umeme, baruti. Vijana walimwita mganga wa mawe, wakamcheka.

Mwaka jana aliona kitu ambacho mashine hazikukiona. Katika bonde moja ng'ambo ya bahari, mitetemo ilipanda siku tisa mfululizo, ngazi baada ya ngazi. Siku ya tisa likaja tetemeko la tano nukta nane. Watu mia mbili na kumi na mmoja walikufa, wengi wao wakiwa mezani wanakula. Dunia ikasema ni kazi ya Mungu.

Haikuwa ya Mungu. Yalikuwa maonyesho ya biashara.

Sasa ngazi zilezile zilikuwa zikipandwa hapa, chini ya mji wa watu mia tisa. Mtu anayeitwa Anselm Vossberg alikuwa amekodi machimbo kule mlimani pamoja na kisima chake kirefu cha zamani, akafunga pampu, akawa anasindilia maji ardhini usiku na mchana. Alikuwa akiuza matetemeko. Wewe mwonyeshe mji, yeye atauangusha, na hakuna atakayeulizwa. Dagrún alikuwa amefuatilia wauza bunduki, wauza sumu na wauza watu. Wote walimchefua. Huyu alimfanya atamani kunawa mikono kila alipolitaja jina lake.

Redio ikakoroma. Ilikuwa Mkuu wa Kitengo, kile kitengo kisicho na kibao mlangoni.

"Tumefumbua ujumbe wao. Nakusomea: saa nne asubuhi, kibwawa cha maji ya moto, Skarðseyri. Asiye na nguo hana kinasa sauti. Mwisho."

"Anakutana na mnunuzi wake bwawani?"

"Ndiyo. Rimoti ya pampu anayo Vossberg. Akiingiza namba, pampu inasukuma kwa nguvu zote na ardhi inaachia. Polisi wako nyuma ya kilima, karibu na kisima. Hawawezi kusogea mpaka umnyang'anye."

"Tuwatoe watu, basi. Piga king'ora."

"Akisikia king'ora atabonyeza."

"Sura yake?"

"Hatuna. Hajawahi kupigwa picha. Mwisho."

Dagrún alijua kwa nini shetani yule alichagua kile kibwawa. Kiko nje, hakina paa. Ardhi ikitikisika, ukiwa mle unaloa tu. Lakini hatua ishirini kutoka pale kuna jengo la bwawa la ndani, lenye paa la zege la enzi za babu yake. Na saa nne asubuhi, kila siku ya Juni, humo ndani kuna watoto wa kozi ya kuogelea. Yeye mwenyewe alijifunzia humo.

Na mlinzi wa bwawa ni baba yake.

Akapiga simu nyingine.

"Baba."

"Niko kazini."

"Leo kuna wageni?"

"Basi zima!" Ketill alifoka. "Wamejipulizia manukato juu ya jasho la safari ya ndege, halafu wanataka kutumbukia hivyohivyo. Nimesharudisha wanne."

"Baba, leo usimwachie hata mmoja apite bila kuoga."

Dagrún alijua amemtukana.

"Miaka ishirini na sita, Dagrún. Miaka ishirini na sita niko kwenye mlango huu. Leo wewe ndiye wa kunifundisha sabuni?"

"Hapana, Baba."

"Haya." Akakata.

Asingeweza kumwambia zaidi, kwamba mtu anayeficha rimoti mwilini hatakubali kuvua nguo zote aoge. Ketill hajui kudanganya, uso wake huwa mwekundu kama nyanya. Angetoa watoto wote nje wakipiga kelele, na Vossberg angemaliza kazi.

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili, Dagrún alifungia bastola yake ya Glock kwenye kabati namba arobaini na nne. Ilimuuma kuiacha. Akavua kila kitu isipokuwa saa ya Garmin mkononi, akasimama chini ya bomba mbele ya lile bango lenye mchoro wa mtu mwenye madoa mekundu: kichwa, makwapa, mapaja, miguu. Akaosha vyote kwa sabuni, akavaa nguo ya kuogelea, akatoka kwenye upepo wa baridi na kuingia kibwawani.

Ndani yake walikuwamo wazee watatu wa mji wakimsengenya meya. Bibi Snæfríður, mwenye miaka themanini na mbili, ndiye aliyekuwa akiongoza kikao.

"Dagrún! Umekonda. Huko Reykjavík hawakulishi?"

"Wananilisha, Bibi."

"Basi wanakulisha karatasi."

Upande wa pili alikaa mwanamume mnene mwenye masharubu na shingo ya kijeshi. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji. Huyo alikuwa mnunuzi, Dagrún hakuwa na shaka. Mtalii wa kawaida hutazama milima. Huyu alitazama mnara wa kanisa kisha saa ya ukutani, mnara kisha saa.

Garmin ikatetema. Ujumbe wa Ísleifur: *3.1. Ardhi imebakia kusukumwa tu.*

Mlango wa wanaume ukafunguka. Wakatoka wanaume wawili, maji yakiwatiririka mabegani. Kisha mmoja, mwekundu kwa kusuguliwa, akinung'unika. Kisha kijana mwingine, nywele zimelala usoni kama mwani. Dagrún aliwaangalia wote, akawaacha wote.

Saa nne na dakika mbili alitoka wa tano.

Alikuwa mrefu, wa miaka sitini hivi, kaptula ya kuogelea imefika magotini. Nywele zake zilikuwa zimechanwa kwa mafuta, na njia imepigwa upande kwa ustadi. Mabega makavu. Miguu mikavu. Alikanyaga vigae bila kuacha hata alama moja ya unyevu.

Basi ndiye huyu! Amepita chini ya bango, amepita mbele ya mabomba kumi, ameona watu wazima wote wakijisugua, akaamua kwamba sabuni ni ya wengine. Wengine waoge, yeye aingie. Wengine wafe, yeye auze.

Akaingia majini na uchafu wake, akaketi karibu na mwenye masharubu.

"Kanali," alisema kwa Kijerumani, bila hata kushusha sauti. Kwake yeye wale wazee walikuwa sawa na mawe ya pembeni.

"Vossberg. Umechelewa."

"Kuna mwendawazimu mle ndani anataka nivue nguo nijisugue mbele yake. Nimempita alipoinama kuokota taulo."

"Mimi nimeoga," Kanali akasema. "Niliambiwa nioge."

"Utatazama nini kwanza? Napendekeza mnara wa kanisa. Unaanguka vizuri."

"Na lile jengo?"

Vossberg akageuka kidogo. Kutoka ndani ilisikika filimbi ya mwalimu na vicheko vyembamba vya watoto.

"Lile? Paa zito, kuta nyembamba. Lina watoto, nadhani." Akafikiri. "Litatoa picha nzuri."

Dagrún alisoma Munich miaka minne. Alisikia kila neno, na kila neno lilimnukia.

Mkono wa Vossberg ukashuka chini ya maji, ukaingia kwenye kaptula, ukatoka na kidude cheusi ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa sawa na ufunguo wa gari, ila kilikuwa na vitufe vya namba. Akakiinua karibu na kifua. Kidole kikabonyeza. Moja. Mbili.

Kati ya Vossberg na Dagrún alikaa Bibi Snæfríður. Dagrún akajivuta.

Tatu.

"WEWE!"

Kibwawa kizima kilishtuka. Ketill alikuwa amesimama mlangoni, buti za mpira miguuni, fagio la maji mkononi, uso mwekundu kama nyanya.

"Wewe bwana mwenye nywele kavu! Toka humo!"

"Sielewi," Vossberg alisema kwa Kiingereza, akatabasamu. Nne.

"Utaelewa tu!" Ketill alikuwa ameshafika. "Watu wanaingiza watoto wao kwenye maji haya! Toka, shenzi wee, ukaoge!"

"Hajaoga?" Bibi Snæfríður akapaza sauti. "Huyu? Na amekaa karibu na mimi? Ptuu!"

Ketill akamshika Vossberg kwapani kwa mikono miwili, akamnyanyua kama mtu anayetoa paka kwenye ndoo. Kidole kikakosa kitufe.

Dagrún aliruka.

Alimpiga Vossberg kiwiko cha mbavu, akakamata kiganja, akakipinda nyuma mpaka kikalia. Kidude kikachomoka, kikazama. Kanali akakitupia mwili wake mzima na maji yakafurika vigaeni. Dagrún akazama naye. Kule chini hakuona kitu ila povu na masharubu. Akapapasa vigae, akagusa plastiki, mkono mnene ukamshika kifundo. Akampiga teke la uso. Mkono ukaachia.

Akaibuka. Kioo cha kidude kilionyesha tarakimu nne kati ya sita. Ya tano haikuwahi kuingia.

Akainua saa mdomoni. "Ninacho. Ingieni!"

Mlimani ulisikika mlio mmoja wa bunduki, kisha mingine miwili. Halafu sauti ya polisi ikatoka kwenye saa: "Kisima ni chetu. Pampu imezimwa. Tunafungua valvu."

Na ardhi ikatikisika.

Maji ya kibwawa yalitetemeka yenyewe. Taa zikagongana ukumbini. Filimbi ya mwalimu ikanyamaza. Dagrún alilitazama lile paa la zege, akaisogeza saa mdomoni.

"Mzee?"

"Ngoja." Ísleifur alikuwa akihema. "Ngoja... Mbili nukta nne. Ngoja. Moja nukta tano. Sifuri nukta tisa." Kikombe kiligonga meza. "Inalala, binti yangu. Inalala."

Filimbi ikalia tena. Mtoto mmoja akapiga kelele kwamba amemeza maji, wenzake wakamcheka.

Polisi walipowafunga pingu yeye na Kanali, Vossberg alikuwa amesharudisha tabasamu lake.

"Nitakuwa nyumbani kabla ya mwezi kwisha," alimwambia Dagrún. "Tetemeko halina alama za vidole. Utamwambia nini hakimu?"

"Nitamwambia ulifanya kazi tarehe kumi na saba Juni."

Hakuelewa. Ketill alielewa, na uso wake ukabadilika. Alimtazama Vossberg, akatazama kile kidude, akatazama jengo la watoto, kisha akamtazama binti yake muda mrefu.

"Alitaka kufanya nini huyu?"

"Nitakwambia nyumbani, Baba."

"Hapana, usiniambie." Akainama, akafungua kizibo cha kibwawa, maji yakaanza kunguruma kuondoka. "Hakuoga. Mimi inanitosha hiyo. Kibwawa kinafungwa, nakisugua upya chote. Na wewe umemshika."

"Nimemshika."

"Basi kaoge tena."

Alikwenda. Alisimama chini ya maji ya moto mpaka ngozi ikawaka, akajisugua kwa sabuni mara tatu, mikono mara nne. Kisha akavaa, akachukua bastola yake kabatini, akatoka. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi na nywele zao mbichi, wanakula mikate na jibini. Mmoja alimpungia mkono, naye akampungia.

Simu ikaita alipokuwa anawasha gari.

"Nafunga daftari la leo," alisema Ísleifur. "Skarðseyri nimeifuta baruti, nimeandika tetemeko. Safu ya chanzo bado wazi. Niandike nini? Maji? Pampu?"

"Andika mtu."

Katika miaka thelathini na moja Mzee hakuwahi kuliweka neno hilo kwenye safu ile.

"Mtu tu?"

"Mtu asiyeoga," Dagrún akasema, akatia gia.