Kikohozi cha Kitanda cha Dirishani

Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakina mtu, na kikakohoa.

Muuguzi alikuwa amekipa mgongo, anabadilisha dripu ya fundi cherehani aliyelazwa kitanda cha jirani, na mdomo wake ukaitangulia akili. "Pole," akasema. Nani asingesema? Mtu akijikwaa anapewa pole, akikohoa anapewa pole. Hata mwizi akipaliwa na alichoiba anapewa pole kwanza, kipigo baadaye.

Fundi akamtazama juu ya barakoa yake ya oksijeni. "Dada, unampa nani pole? Hapo hapana mtu."

Akageuka. Shuka lilikuwa limenyooka, ila katikati pamebonyea kidogo, mahali pa kukalia mtu. Palinuka maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Uchovu huo, alijiambia. Wodi ilikuwa imejaa wagonjwa wa ile homa ya mapafu ya virusi, na wauguzi walikuwa wanalala usingizi wa kuiba. Akamaliza zamu, akaoga, akarudi kwa mama yake.

Huyo mama ndiye pekee aliyebaki naye duniani. Alimzaa uzeeni, wa mwisho kabisa, na mpaka leo, mwanamke mzima mwenye funguo za kabati la dawa kiunoni, alikuwa akimwita Kitinda. Bibi yule alikuwa na sukari, na moyo uliodunda unavyojisikia. Tangu ugonjwa uingie mjini Kitinda alimfungia ndani, chakula akimwachia mlangoni, mwenyewe akilala chumba cha pili na barakoa usoni. "Umeniozesha kuta, mwanangu," mama alimtania. "Na mume mwenyewe haongei."

Haukupita muda, mama akaanza kukohoa. Kitinda alisimama koridoni na sahani mkononi, na kile kikohozi akakijua. Alishakisikia, na alishakijibu.

Mama akalazwa wodi ile ile, nyuma ya pazia, mbali na dirisha. Daktari wa zamu, bwana mmoja mnyamavu, akakitazama kipimo cha oksijeni cha kidoleni, akamvuta Kitinda pembeni.

"Umri, sukari, moyo," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua mwenyewe. Kijana anaumwa anaamka. Hawa ndio wanaoelemewa."

"Najua, daktari."

Daktari hakuondoka. "Kile kitanda," akasema. "Na wewe ulikijibu?"

Kitinda akaitikia kwa kichwa.

"Mimi pia. Nikarudi nyumbani mzima wa afya. Mke wangu alikuwa na mimba. Hilo lililomo kitandani halimgusi anayejibu, dada. Linamfuata mpaka kwake, likifika linachagua. Wazee, wenye sukari, wenye moyo, wenye pumu, wajawazito. Yale niliyoyasomea mpaka macho yakaniuma, lenyewe linayajua tangu zamani."

Kitinda akampigia simu mganga aliyewahi kumtibu marehemu shangazi yake. Wodi haikuruhusu wageni, na mganga hakutaka kuja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ni jini la kuombaomba," akasema. "Linakula huruma. Linyimeni. Kesho, tangu jua lichomoze mpaka lizame, asijibiwe yeyote anayekohoa humo ndani, maana linaazima kifua chochote. Mkimjibu mmoja tu, mmeanza upya."

"Hata mama yangu?"

"Hasa mama yako."

Wakakubaliana, wauguzi na daktari, na wagonjwa wenye fahamu wakaambiwa. Kitinda alimweleza mama yake alfajiri, akiwa amemshika mkono. Mama akasema sawa. Jua halijapanda vizuri, homa ikawa imeshamsahaulisha.

Akakohoa, akangoja. Kitinda akamfuta jasho, kimya. Akakohoa tena, akamtazama mwanawe usoni.

"Kitinda, nimekukosea nini?"

Jamani, kuna maumivu na maumivu. Kitinda akamrekebishia mto, akatoka nje ya pazia, akaing'ata glavu yake.

Mchana kitanda cha dirishani kikaanza kwa kikohozi cha fundi cherehani, na fundi mwenyewe amefumba mdomo anatetemeka, kikaja na cha mtoto mchanga, cha mjamzito, cha mzee anayetafuta pumzi ya kuaga nayo, na ile harufu ya maji ya maua ikazidi mpaka ikapenya barakoa, ikakaa ulimini, na kila aliyetaka kufungua mdomo akatazamwa na mwenzake akaufunga, na jua likawa halishuki, na hatimaye sauti ikawa ya mama yake, mara dirishani, mara nyuma ya pazia, mara dirishani tena, ikikohoa na kumwita Kitinda, Kitinda wangu, maji, na Kitinda akateleza ukutani mpaka chini, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akilia bila kutoa sauti, akiomba jua lizame kabla moyo wake haujapasuka.

Likazama. Kukawa kimya.

Pale katikati ya kitanda cha dirishani pakainuka taratibu, shuka likanyooka. Harufu ikakatika. Vipimo vya oksijeni vikaanza kupanda, kitanda kimoja baada ya kingine, na daktari akaegemea meza akalia waziwazi.

Kitinda akalifungua pazia akicheka. "Mama, limeondoka. Sasa nikupe zote, pole za siku nzima."

Mkono wa mama ulikuwa nje ya shuka, umenyooshwa kuelekea lile pazia. Ulikuwa na ujotojoto bado.

"Dada," fundi akanong'ona. "Vile vya mwisho vilikuwa vyake. Vilitokea huko, si huku dirishani. Nilitaka kukwambia, nikaogopa kufungua mdomo."

Akamwangukia mama yake kifuani. "Pole, mama. Pole mama yangu. Pole." Akalisema mpaka likakosa maana, mpaka koo likamkauka, mpaka daktari akamwinua kwa mabega na kumtoa.

Msibani watu walikuja wengi, kwa kuwa marehemu alipendwa. Walisimama uani na mpaka nje ya geti. Kulikuwa na shoga yake wa tangu usichana, mwenye sukari kama yeye. Kulikuwa na mzee wa nyumba ya pili na pampu yake ya pumu mfukoni, na mke wa mpangaji mwenye tumbo la miezi minane. Kitinda aliketi mbele yao, ameinamisha kichwa, na ile harufu ya maji ya maua ikamjaa puani, kooni kitu kikamwasha. Akakimeza. Kikarudi. Akabana pumzi mpaka macho yakatoka machozi, na waliomtazama wakaona uchungu wa yatima, wakasogea karibu zaidi.

Akakohoa.

Akainua mikono yote miwili kuwazuia, anatikisa kichwa, sauti haitoki. Lakini ni nani atakayemwona mfiwa anakohoa, naye akanyamaza?

"Pole, mwanangu," akasema shoga wa mama yake, na ua mzima, hadi walioko getini, ukamfuatia: "Pole."