Majina Kumi na Mawili

Kila alipotoka shule, binti wa fundi cherehani alipitia kibandani kwa mama yake, akaokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha akanakili vipimo vya wateja kwenye daftari. Hati yake ilikuwa safi kama ya chapa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kalamu.

Mwaka ule mama yake aligombea udiwani. Alikuwa amechoshwa na jalala lililoziba mfereji nyuma ya nyumba zao na kuwaumiza watoto matumbo. Majirani walimpenda, lakini mapenzi hayachapi mabango. Mama mdogo, aliyesimamia kampeni, alilalamika kila siku kwamba mpinzani ana magari ilhali wao wana miguu tu.

Alasiri moja mama mdogo aliingia na bahasha nene, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo na kumwambia Kalamu alete kitabu cha michango. Pesa zilitoka kwa mkandarasi wa taka, aliyekuwa akiimezea mate tenda ya mtaa ule. Sheria iliweka kikomo cha mchango wa mtu mmoja, na bahasha ile ilikuwa na karibu mara kumi na mbili ya kikomo hicho. Basi mama mdogo akataja majina kumi na mawili ya majirani ili kila mmoja aonekane ametoa fungu lake. La tisa lilikuwa la dobi, baba wa rafiki aliyekaa na Kalamu dawati moja.

"Lakini dobi hajatoa kitu," Kalamu alisema.

"Wewe andika tu, mwanangu. Jina halili wala halinywi."

Kalamu alimtazama mama yake. Mama aliinamia cherehani na kuikanyaga kwa kasi, kama mtu asiyesikia. Kalamu akaandika.

Baada ya wiki mbili orodha ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya uchaguzi, kama sheria ilivyotaka, ili wapiga kura wajue nani anamchangia nani. Mwalimu mkuu alipita pale akaisoma. Jumatatu alimwita binti wa dobi, ambaye alisoma kwa msaada wa ada wa watoto wasiojiweza, akamwambia kwamba baba mwenye pesa za siasa hakosi pesa za shule. Dobi alikwenda kuapa kuwa hakutoa hata senti. Akaonyeshwa jina lake. Binti akarudishwa nyumbani.

Siku ya nne Kalamu hakuvumilia kulitazama dawati tupu. Alikwenda kwa dobi, akamkuta rafiki yake akikamua mashuka, vidole vimechanika kwa sabuni. Dobi mwenyewe alikuwa kitini, kifua kikimbana.

"Karibu, mwanangu," dobi alisema akihema. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi, najua jina langu liliandikwa kwa bahati mbaya. Kura yangu ni yake."

Kalamu alikimbia hadi kibandani, akasimama mbele ya cherehani.

"Mama, binti wa dobi hasomi tena. Ni mimi niliyeandika."

Mama aliacha kukanyaga.

"Na mimi nilikuwepo," alisema.

Asubuhi walipeleka kitabu na bahasha kwenye ofisi ya uchaguzi. Mama mdogo aliwafuata njia nzima akisihi, kisha akitukana. Afisa aliandika kila neno. Jina la mama likafutwa kwenye orodha ya wagombea, na faini aliyotozwa ikamlazimu kuuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Mpinzani alishinda, na jalala likabaki pale pale. Lakini barua ya afisa ilifika shuleni, na binti wa dobi akarudi darasani. Aliketi kando ya Kalamu kwenye dawati bila kumsalimia, na ikapita wiki nzima kabla hajamwazima rula.

Mama na Kalamu walikwenda kuomba radhi. Dobi aliwasikiliza akiwa amesimama, wala hakuwakaribisha kukaa.

"Umaskini wangu sikuuonea haya," alisema. "Ninyi mlinifanya mwongo mbele ya mwanangu. Nimesamehe, ila nipeni muda."

Walipotoka, Kalamu alilia. Mama alimshika bega.

"Niliona sheria ile ni kizingiti cha kuwasumbua wasio na kitu kama mimi," alisema. "Kumbe iliwekwa ili tajiri asimnunue diwani kwa siri, kisha mzigo umwangukie mnyonge. Mkubwa akikuambia uandike uongo, kataa, hata kama mkubwa huyo ni mimi. Siku ile ulinitazama, mwanangu, nami nikakwepa macho yako. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote."